Gari Liendalo Mrama: Namna ya Kupima na Kunyoosha Magurudumu ya Gari Dogo



Aliyewahi kushika usukani wa mashua hahitaji kufundishwa maana ya chombo kwenda mrama. Baharia huelekeza omo mahali, chombo chataka kwingine. Naye hushinda kutwa akipambana na kana kwa mikono miwili, akidhani ni mkondo au ni upepo, kumbe usukani wenyewe umekaa upande. Gari nalo lina maradhi hayo hayo. Tofauti ni kwamba baharini chombo humchosha nahodha kwanza, hali barabarani gari hula tairi kimya kimya hadi siku tairi lipasukapo.

Somo la toleo hili linahusu mwelekeo wa magurudumu ya gari dogo: maana yake, dalili za kuharibika kwake, namna ya kuupima kwa vifaa vilivyomo majumbani mwetu, na mpaka wa kazi ambayo mwenye gari anaweza kuifanya kabla ya kumwachia fundi.

Sababu ya kulichagua somo hili

Alasiri moja ya msimu wa kaskazi, gari dogo lilikuwa likikikaribia kizuizi chetu cha ukaguzi. Lilikuwa na dereva na abiria wanne, mmoja wao mama mwenye mtoto mchanga, na nyuma yalipakiwa masanduku ya samaki wa barafu. Likiwa limebakiza hatua kama arubaini, tairi la mbele la kushoto likapasuka. Wakaazi wa mpakani hawana haja ya kuelezwa mlio ule ulifanana na nini. Askari wetu wakalala chini, na mmoja wao akaielekeza bunduki yake kwenye gari. Gari lilivutwa upande, likatoka barabarani, likasimama mchangani. Zilipita nukta kadhaa nzito kabla ya yeyote kutamka neno. Alhamdulillahi, hakuna aliyefyatua risasi wala aliyeumia.

Tulipolitazama lile tairi, upande wake wa nje ulikuwa na mifereji mizima kama tairi jipya. Upande wa ndani ulikuwa umelika hata nyuzi za waya zikaonekana. Tairi la kulia nalo lilikuwa limeifuata njia hiyo hiyo. Dereva yule hakuwa mzembe. Kila alfajiri alikuwa akiyazunguka magurudumu yake na kuyatazama kabla ya kuondoka. Ila aliyatazama kwa nje tu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba tairi huweza kuanza kufa kwa ndani. Alikumbuka kwamba gari liliingia shimoni wiki kadhaa nyuma, na tangu siku hiyo usukani ulikaa upande hata alipokuwa akienda moja kwa moja. Alikwisha kuuzoea.

Jambo lililokaribia kuleta msiba siku ile lingeweza kugunduliwa kwa saa moja ya kazi na kipande cha mshipi wa kuvulia. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kulieleza.

Pembe tatu za gurudumu

Kazi ya kunyoosha magurudumu mafundi huiita alaimenti. Ndani yake mna mambo matatu.

La kwanza huitwa too. Yatazame magurudumu mawili ya mbele kama ndege anayeruka juu ya gari. Ikiwa ncha zao za mbele zimekaribiana kuliko za nyuma, magurudumu yamefumba, mfano wa mtu atembeaye vidole vya miguu vikielekea ndani. Ikiwa ncha za mbele zimeachana kuliko za nyuma, yamepanuka. Magari madogo mengi hutakiwa yawe sawa kabisa, au yafumbe kwa milimita moja au mbili tu. Kipimo halisi cha kila gari kimo katika kitabu chake.

La pili huitwa kemba. Simama mbele ya gari ulitazame gurudumu: je, limesimama wima, au kichwa chake kimeinama kuelekea ndani au nje?

La tatu huitwa kasta. Hili huonekana kwa ubavuni. Itazame baiskeli: uma wa mbele haukusimama wima, umelala kidogo kuelekea kwa mpandaji. Mlalo huo ndio unaoifanya baiskeli ishike njia. Gari nalo lina mlalo kama huo, nao ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kupinda kona.

Kati ya haya matatu, too ndiyo iharibikayo upesi zaidi, na ndiyo inayokula tairi kwa kasi zaidi. Tupige hesabu ndogo. Rimu ya gari dogo ina upana wa karibu milimita 400. Ikiwa ncha moja ya rimu imeachana na nyingine kwa milimita 2 tu, gurudumu limekwenda upande kwa sehemu 1 katika kila 200. Maana yake, kila kilomita 1 ya safari, tairi hilo huburutwa kwa ubavu mita 5. Katika safari ya kilomita 100 litakuwa limeburutwa mita 500 juu ya kokoto na lami. Hakuna mpira unaostahimili jambo hilo kwa muda mrefu.

Hasara haikomei kwenye tairi. Gari ambalo magurudumu yake yamepanuka hutangatanga: dereva hulazimika kulirekebisha kila mara, mikono ikachoka na akili ikapumbaa. Siku ya mvua, tairi lililolika upande mmoja halina mifereji ya kutosha ya kuyatoa maji, na gari huteleza pale ambapo lingesimama.

Dalili za kutazamwa

Pitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Ukihisi ulaini upande mmoja na ukali kama wa meno ya msumeno upande wa pili, too imeharibika. Geuza usukani hadi mwisho ili uuone upande wa ndani wa tairi, au tumia tochi. Tairi lililolika ndani peke yake mara nyingi huonyesha magurudumu yaliyopanuka au yaliyoinama ndani. Lililolika nje peke yake huonyesha yaliyofumba kupita kiasi au yaliyoinama nje. Tairi lililolika katikati limejazwa upepo mno, na lililolika kingo zote mbili limekosa upepo. Usukani uliokaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja ni dalili nyingine iliyo wazi.

Msomaji asichanganye maradhi haya na mengine. Gari linalotetemeka likishika kasi, aghalabu magurudumu yake yanahitaji kufanyiwa balansi, si alaimenti. Gari linalovuta upande wakati wa kushika breki tu, maradhi yake yatafutwe kwanza kwenye breki. Na iwapo gari linavuta upande, badilisha kwanza matairi mawili ya mbele, la kulia liende kushoto na la kushoto liende kulia. Mvuto ukihama upande pamoja nayo, kosa limo ndani ya tairi lenyewe.

Mteremko wa barabara na mpaka wetu

Kuna jambo moja ambalo madereva wa sehemu zetu wanapaswa kulijua kuliko madereva wa kwingine. Barabara ya lami huinuliwa katikati na kushushwa kingoni ili maji ya mvua yatiririke. Kwa sababu hiyo gari lolote huelekea kidogo upande wa ukingo, kama chombo kinavyosukumwa na mkondo. Upande wa Kenya magari hupita kushoto, basi mteremko huyavuta kushoto. Upande wa Somalia magari hupita kulia, ijapokuwa mengi yao yana usukani wa kulia kwa kuwa yameletwa kutoka Japani. Huko mteremko huyavuta kulia.

Dereva mwenye kibali cha kuvuka mpaka huweza kudhani kwamba gari lake limeharibika njiani. Akimpelekea fundi asiyejua alikotoka, fundi hulipinda gari ili kuushinda mteremko wa upande mmoja, na likirudi upande wa pili huvuta maradufu. Kanuni ya kushika ni hii: gari linaloelekea kidogo kushoto huku na kidogo kulia kule ni zima. Gari linalovuta upande ule ule pande zote mbili za mpaka ndilo gonjwa. Asiyevuka mpaka alijaribu gari lake kwenye uwanja tambarare, kwa mwendo wa polepole, akienda na kurudi.

Kupima kwa mshipi

Vifaa ni vipande viwili vya mshipi wa kuvulia, kila kimoja kisipungue mita 6. Ndoo nne zilizojazwa mchanga zenye vijiti vya kufungia mshipi. Rula ya milimita. Kipimo cha upepo. Jeki na magogo ya kukingia. Na karatasi ya kuandikia.

1. Egesha gari juu ya sakafu ngumu na tambarare, kama ya saruji. Mchangani kipimo hakitakuwa cha kweli. Shusha mizigo yote.

2. Jaza upepo kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko kilicho karibu na mlango wa dereva. Kushoto na kulia pawe sawa.

3. Vuta breki ya mkono na uyazuie magurudumu ya nyuma kwa mawe. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki na uweke magogo chini ya gari. Lishike gurudumu kwa mikono miwili, kushoto na kulia, ulitikise. Kisha ulishike juu na chini, ulitikise tena. Likicheza kushoto na kulia, tazama tairodi, yaani fito linalousukuma mkono wa gurudumu. Likicheza juu na chini, tazama boli jointi na beringi. Fanya vivyo hivyo kwa gurudumu la pili. Ukiona kitu kinacheza, usiendelee: kibadilishwe kwanza. Kupima gari lenye vyuma vilivyolegea ni kupima mashua inayoyumba.

4. Lishushe gari, liachie breki, ulisukume mbele mita chache ili lijikalie sawasawa. Weka usukani katikati na uufunge kwa kamba usisogee.

5. Tandika mshipi mmoja kila upande wa gari, kuanzia mbele ya gari hadi nyuma yake, kwa kimo cha katikati ya magurudumu. Mishipi yote miwili ikazwe. Umbali kati ya mshipi na mshipi uwe sawa mbele na nyuma ya gari. Kisha hakikisha kwamba umbali kutoka mshipi hadi katikati ya gurudumu la mbele ni sawa kushoto na kulia, na wa nyuma vivyo hivyo. Hatua hii huchukua muda. Msomaji asiiharakishe, kwa sababu vipimo vyote vinaitegemea.

6. Pima umbali kutoka mshipi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma wa rimu ile ile. Ikiwa namba ya mbele ni kubwa, gurudumu limefumba. Ikiwa namba ya mbele ni ndogo, limepanuka.

7. Lisukume gari hadi magurudumu yazunguke nusu duara, panga mishipi tena, upime mara ya pili. Rimu iliyopinda hudanganya. Vipimo viwili huufichua uongo wake.

Tuchukue mfano. Gurudumu la kushoto limetoa milimita 84 mbele na 82 nyuma: limefumba kwa 2. La kulia limetoa 80 mbele na 83 nyuma: limepanuka kwa 3. Kwa jumla gari limepanuka kwa milimita 1 tu, na mtu anaweza kusema hakuna shida. Lakini magurudumu yote mawili yanatazama kulia wakati usukani umenyooka. Gari hilo litakwenda moja kwa moja pale tu dereva atakaposhika usukani upande. Ndiyo maana kila gurudumu hupimwa peke yake.

Kurekebisha

Tairodi ina nati ya kukazia karibu na ncha yake. Isafishe, itie mafuta ya kulegeza kutu, uyaache yapenye. Kabla ya kugusa chochote, piga alama ya rangi ili uweze kurudi ulikoanzia. Legeza nati, legeza pia kibanio cha mpira unaofunika fito ili mpira usijisokote, kisha uzungushe fito robo mzunguko tu na upime upya.

Tazama tairodi imekaa wapi. Ikiwa iko nyuma ya katikati ya gurudumu, kuirefusha hufumba na kuifupisha hupanua. Ikiwa iko mbele, mambo huwa kinyume chake. Kama usukani ulikuwa umekaa sawa, zungusha kushoto na kulia kwa kiasi kimoja. Kama ulikuwa umekaa upande, rekebisha kila gurudumu kwa kadiri ya kipimo chake. Mwisho kaza nati barabara, pima mara ya mwisho, liendeshe gari polepole mahali pasipo na watu, kisha urudi kuzitazama nati zile. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Kwetu pwani kuna adui mwingine, nayo ni chumvi. Gari linalopita ufukweni na kubeba samaki hupata kutu kwenye nati za tairodi hata zikakataa kulegea, na anayezilazimisha huweza kukata fito. Lioshe gari kwa chini kwa maji baridi ya kisima baada ya safari ya ufukweni, na zipake grisi nyuzi za nati.

Mpaka wa kazi yako

Kemba na kasta ni kazi ya fundi mwenye mashine. Vivyo hivyo gari lililogongwa, lililopinda mkono wa gurudumu, au lenye shokapu zilizovunjika. Asiyejiamini kufungua tairodi naye aishie kwenye kupima, kisha apeleke karatasi yake ya vipimo kwa fundi. Hakuna aibu katika hilo, usukani hauchezewi. Na fundi anayekutana na mteja aliyekuja na vipimo vyake hufanya kazi kwa uangalifu zaidi.

Pima kila baada ya kilomita 10,000, kila ununuapo matairi mapya, kila unapobadilisha tairodi, na kila gari linapoingia shimo kubwa. Upande wa ndani wa tairi utazamwe kila juma.

Tairi likipasuka, na zaidi karibu na kizuizi

Usikanyage breki kwa ghafla. Shika usukani kwa mikono miwili, uliweke gari kwenye njia yake, ondoa mguu kwenye mafuta, uliache lipunguze mwendo lenyewe, kisha ulitoe barabarani taratibu. Ikiwa uko karibu na kizuizi, washa taa za hatari, mikono ya wote ionekane, na mtu asitoke mbio. Subirini sauti ya askari, kisha mjibu kwa sauti ya juu kwamba ni tairi.

Sisi nasi tulipata somo letu siku ile. Tangu hapo askari wetu wa kizuizini wanapokagua gari humulika upande wa ndani wa tairi kwa tochi, na humwita dereva aje atazame pamoja nao.

Sheria na haki ya mwenye gari

Kwa wanaoendesha upande wa Kenya, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, inataka gari na sehemu zake zote, taa na matairi yakiwemo, litunzwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara wala abiria wake. Lakini hata mahali ambapo hakuna wa kukusomea kifungu, mtoto aliyebebwa kiti cha nyuma ana haki ile ile.

Tunafahamu pia kwamba wapo wanaosema askari hutafuta kasoro ili apate chochote. Kwa hiyo shikeni haya. Askari akikuambia tairi lako ni bovu, mwombe kwa adabu akuonyeshe mahali penyewe. Ni haki yako kupaona. Faini hulipwa kwa njia ya sheria na kwa risiti, wala haipiti mkononi mwa askari. Ukidaiwa kinyume cha hivyo, fika kwa mkuu wa kituo utoe taarifa.

Maswali ya kujipima

1. Magurudumu yaliyopanuka hulika upande gani?
2. Kwa nini gari zima huelekea kushoto upande wa Kenya na kulia upande wa Somalia?
3. Kwa nini tairodi na boli jointi hutazamwa kabla ya kupima?
4. Je, ni lini mara ya mwisho ulipotazama upande wa ndani wa matairi yako?

Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo za somo hili ni mshipi, rula na saa moja ya utulivu. Mwenye kutaka kuonyeshwa kwa vitendo aje na gari lake kituoni, tulipime pamoja.